Moto Usioacha Alama

Nililelewa Urambo, magharibi ya Tabora, katika ua uliokuwa na mabani mawili ya tumbaku nyuma ya jiko. Bani ni kijumba kirefu cha matofali kisicho na madirisha, ambamo majani hutundikwa kwenye fito na kukaushwa kwa joto la kuni linalopita ndani ya mabomba. Msimu wa kukausha ulipofika, moto ulipewa heshima kuliko wageni. Mtu akipita njiani akatoa salamu yake, "Mwangaluka," aliitikiwa vizuri, lakini aliyemwitikia hakugeuza shingo. Macho yalikuwa kwenye tanuri. Siku hizi bani moja limebomoka na la pili tunafugia kuku, na bado nikipita mahali panapokaushwa tumbaku, ile harufu tamu ya jani linalogeuka njano hunisimamisha hapo hapo kama mtu aliyeitwa.

Mwenye moto alikuwa mama mkubwa, dada yake mama. Alifiwa na mumewe mapema, akahamia na wanawe kwenye ua wetu na hakuondoka tena. Kipimajoto kilikuwepo, kimetundikwa ndani ya mlango, lakini alikidharau. Aliweka kiganja kwenye mlango wa bani, akanyamaza kidogo, kisha akasema ongeza kuni au punguza, nasi tukafanya. Mama, ambaye kwa majirani alikuwa mkali kweli, mbele ya dada yake alikuwa msichana. Mama mkubwa akisema kaa, mama alikaa. Akisema chumvi imezidi, mama alionja upya akakubali kwamba imezidi, hata kama chumvi yenyewe alikuwa amesahau kuitia.

Mimi nami nikaja kufanya kazi ya moto, ila wa aina nyingine. Naendesha mashine za mionzi kwa wagonjwa wa saratani katika hospitali kubwa huko pwani. Kazi hiyo niliipenda kwa sababu ya tumbo la mama mkubwa.

Nilikuwa shule ya msingi alipougua saratani ya shingo ya kizazi. Alipelekwa Dar es Salaam kwa treni, mama akamsindikiza, na sisi watoto tukaachwa na baba tukila ugali ulioungua chini na mbichi juu. Waliporudi, mama mkubwa alikuwa amekonda, na chini ya kitovu alikuwa na mraba mweusi wenye kingo zilizonyooka, kana kwamba mtu alimwekea pasi ya mkaa akasahau kuiondoa. Mgongoni alikuwa na mwingine. Wanawake wa kanisani walikuja kumpa pole, naye hakungoja kuombwa. Alipandisha blauzi.

"Hapa ndipo moto ulipopita," alisema. "Haukucheza."

Wanawake walishika vinywa. Mimi nilijaa fahari hadi nikashindwa kula. Katika kijiji kizima hakuna mtoto mwingine aliyekuwa na mama mkubwa aliyechomwa mraba.

Lakini hadithi aliyoipenda zaidi ilikuwa ya mlango. Baada ya mionzi ya mashine, aliwekewa mionzi mingine ndani ya mwili, pale pale penye ugonjwa, akalazwa peke yake chumbani kwa siku kadhaa. Hakutakiwa kujigeuza. Hakuna aliyeruhusiwa kumkaribia, kwa kuwa mionzi ilikuwa bado inafanya kazi ndani yake na ingeweza kumdhuru mtu mwingine. Basi kila siku mama alikwenda kusimama kwenye mlango wa mwisho wa varanda, mahali nesi alipomwonyesha, kwa muda ule mfupi aliopewa. Kutoka pale alimpigia dada yake kelele za Kinyamwezi: nani ameoa, nani ametoroka, mvua imefika wapi. Habari zikiisha alitunga. Uongo ukiisha aliimba nyimbo za kwaya, sehemu zote nne, sauti ya besi pamoja.

"Ule mlango ndio ulioniponya," mama mkubwa alikuwa akisema. "Bila huyu mjinga kubweka pale, ningeng'oa vile vitu nikaja Urambo kwa miguu."

Tulicheka kila mara. Mama alicheka akiangalia pembeni.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari kazini, mama akapata ugonjwa ule ule. Sitaki kueleza siku ile. Nitasema tu kwamba niliyajua majibu kabla hajaambiwa, nikamwandalia uji wa mtama, na uji haukunyweka. Ugonjwa ulikuwa haujasambaa, kwa hiyo matumaini yalikuwepo, mradi amalize tiba yote na aimalize kwa wakati. Nilimwomba mwenzangu amhudumie yeye, kwa kuwa sikuiamini mikono yangu juu ya mama yangu.

Nimefanya kazi na mashine ya zamani na ya sasa, kwa hiyo naweza kuzilinganisha bila kusimuliwa. Ile ya zamani ilitumia kobalti, madini yanayotoa mionzi yenyewe. Mionzi yake ilimwaga nguvu nyingi karibu kabisa na ngozi, na kilichofika ndani kilikuwa kimepungua. Ili kupiga uvimbe ulio katikati ya nyonga ilibidi kuipasha ngozi kweli kweli, mbele na nyuma, kwa eneo pana la pembe nne, na utumbo uliolala njiani ukapata sehemu yake. Mashine ya sasa hutumia umeme, na mionzi yake huanza kushika kasi ikiwa imeshazama chini ya ngozi. Tena huja kutoka pande nyingi na hukatwa kufuata umbo la ugonjwa, kwa hiyo kila njia hubeba kidogo na zote hukutana pale panapotakiwa. Seli za saratani hufa zile zile. Kinachobadilika ni nani mwingine anaumia nazo.

Jambo moja halijabadilika, nalo ni kwamba tiba hutolewa kidogo kidogo, siku baada ya siku. Seli yenye afya ikipigwa leo huwa imeshajitengeneza kufikia kesho. Ya saratani hujitengeneza vibaya, na kesho hupigwa tena kabla haijasimama. Ukiacha pengo refu katikati, zile zilizosalia hupata nafasi ya kuzaliana, na huenda ile kazi ya nyuma ikawa ya bure. Hayo nilimweleza mama mara nyingi hata akaanza kuyamalizia yeye.

Zilikuwa zimebaki dozi chache za mashine, kisha mionzi ya ndani, ilipokuja sikukuu iliyoshikana na mwisho wa wiki. Mama akaniangalia kwa macho ambayo hata mtu wa serikali asingeyakatalia.

"Bani linawashwa," alisema. "Tangu niolewe sijakosa."

Tukaenda, mimi na yeye, kwa ahadi kwamba sikukuu ikiisha tunarudi. Nilikuwa na furaha, nisidanganye. Nilimwona mama akishuka kituoni akivuta hewa ya nyumbani kama mtu anayekunywa maji.

Kwetu mgonjwa akirudi, dada yake mkubwa ndiye humwogesha. Haombwi, na mgonjwa hakatai. Jioni ile mama mkubwa alichemsha maji, akaweka majani yake anayoyajua mwenyewe, akamwingiza mama bafuni kwenye ua wa matete. Nilikuwa nje nachambua mlenda. Nikasikia maji yamenyamaza.

"Wamekuchoma wapi?" mama mkubwa aliuliza.

"Hapo hapo, dada. Tumboni."

"Tumboni wapi? Mbona sioni?"

"Hapaonekani. Mashine siku hizi haiunguzi."

Mama mkubwa akatoka na kopo mkononi, akaja hadi niliposimama.

"Mdogo wangu ana vidoa vya wino," alisema. "Wino! Kama gunia la karanga linalopelekwa sokoni. Ndiyo tiba hiyo?"

Nilimweleza. Nilieleza vizuri, kwa upole, na mimi upole si mali yangu. Nikamwambia habari ya kobalti na ya umeme, ya ngozi na ya kina, na kwamba wino ni wa kulengea mashine. Alisikiliza hadi mwisho, akamwaga maji yaliyobaki kwenye kopo.

"Wewe nimekubeba mgongoni, umenikojolea," alisema. "Moto naujua. Moto ambao haukuacha alama haukuwaka. Wamemlaza, wamemwashia taa, wamemrudisha. Harudi tena kule kuchezewa. Atakaa hapa nimtunze mwenyewe."

Nikamgeukia mama. Alikuwa amejifunika kitenge mabegani, nywele zinadondosha maji. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu.

"Dada amesema," mama akanijibu.

Nilipandwa na hasira hadi mlenda ukamwagika. Ila chini ya hasira kulikuwa na woga, na woga ndio ulioninyima usingizi. Nilikuwa nimewaona wanaoondoka katikati ya tiba. Wengine hurudi baadaye wameshikwa mkono na watoto wao, nasi tunawapokea kwa maneno mazuri, lakini tunajua. Sikukuu ikaisha. Siku ya kuondoka ikafika, ikapita, na mama alikuwa ameketi kwenye kigoda akifunga majani ya tumbaku kwenye fito, mtiifu, akiimba kwa sauti ya chini. Kila wimbo aliouanza uliniuma. Nilimwonea mama mkubwa chuki ambayo sikujua ninaweza kumwonea.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta kwenye bani. Moto ulikuwa umewaka siku kadhaa, majani yameshageuka njano, na uso wa kila jani umekauka hadi unapasuka ukiugusa. Hapo wazo likanijia, na nakiri lilikuwa la kitoto.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba." Bado tulikuwa hatuongei, zaidi ya hapo.

Nikaingiza mkono, nikashika jani la karibu, nikaliponda vidoleni likawa unga. "Limekauka," nilisema. "Nawaambia wazime moto?"

Aligeuka kama nimemtukana marehemu mumewe.

"Uzime? Huko mjini wamekulisha nini?" Alichomoa jani lingine, akashika ule uti mnene wa katikati, akaukunja mbele ya pua yangu. Ulikunjika taratibu, haukukatika. "Umeona? Uso umekauka, uti mbichi. Ukizima sasa, maji ya kwenye uti yanarudi kwenye jani lote. Linageuka jeusi, linaoza. Hapa ndipo moto unapotakiwa kuliko jana. Watoto wa siku hizi mnaangalia uso tu!"

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, lakini machozi yaliyatangulia. Mama mkubwa akaniangalia. Akaangalia lile jani mkononi. Kisha akatazama uani, ambako mdogo wake alikuwa bado anafunga fito.

Akaukunja tena ule uti, polepole, huku na huku.

"Moto wake umezimwa tangu lini?" aliuliza.

"Tangu tulipokuja huku."

"Na ule wa ndani hajawekewa?"

"Bado."

Aliweka jani chini kwa uangalifu. Akamwita mwanawe wa kwanza, akamkabidhi bani, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu nizaliwe, tena moto ukiwa katikati. Alimpa maagizo marefu, akarudia, kisha akaenda ndani kufunga mzigo. Mama alipouliza kuna nini, aliambiwa, "Simama, vaa. Tunakwenda kumaliza."

"Tunakwenda nani?"

"Mimi na wewe. Huyu mtoto atatuonyesha njia."

Nilisema tupande basi, kwa kuwa lilikuwa la haraka na kila siku iliyopita ilikuwa imeshanitoa jasho. Mama mkubwa akakataa kata kata. Treni au haendi. Sote tulijua anapenda treni. Tangu utoto tulimtania kwamba ana mchumba kwenye mabehewa. Nikasaga meno, nikakata tiketi.

Reli ile inafuata kwa sehemu kubwa njia ya zamani ya misafara, waliyopita babu zetu na mizigo mabegani kwenda pwani. Tulipoondoka Tabora nilikaa dirishani nikitazama miombo ikirudi nyuma, nikiwaza hesabu za dozi zilizopotea na jinsi daktari atakavyozifidia. Nikagundua mama mkubwa hatulii. Alikwenda chooni, akarudi. Akaenda tena. Tulipofika kituo cha Tura, wauzaji walipotuletea kuku wa kukaanga na viazi, hakugusa kitu. Nikamwuliza kama anaumwa.

Aliangalia kama mama amesinzia. Alikuwa amesinzia.

"Tangu mraba ule," alinong'ona, "tumbo halijawahi kuwa langu. Likisema sasa, ni sasa. Basi halina choo, mwanangu. Treni ina choo."

Miaka yote ile. Ndiyo sababu hakukaa kanisani kwenye viti vya mbele. Ndiyo sababu kwenye harusi alikula mwisho, nyumbani. Mimi, mtaalamu, ninayewauliza wagonjwa habari za matumbo yao kila siku, sikuwahi kumwuliza yeye. Ulikuwa ni ule utumbo uliolala njiani mwa mionzi ya zamani. Ulipona ukabaki na makovu, umekakamaa, hauna subira. Alama aliyowaonyesha wanawake ilikuwa ya nje tu, na hii nyingine aliificha kwa sababu hakukuwa na fahari ndani yake.

"Kwa hiyo yeye hatapata hili?" aliuliza, akionyesha mama kwa kidevu.

"Uwezekano ni mdogo sana kuliko wako."

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi. "Basi wamefanya vizuri kutoiunguza ngozi," alisema, kisha akaniomba nimpishe, akaenda chooni.

Daktari hakufurahi, lakini alipanga upya, na mama akamalizia dozi za mashine. Ikafika siku ya mionzi ya ndani. Nilikuwa nimemweleza mama mkubwa kwamba hii nayo imebadilika. Zamani chanzo cha mionzi kilikuwa dhaifu, kikakaa mwilini siku nyingi kikifanya kazi taratibu, na mwendo huo wa polepole wenyewe uliipa miili nafasi ya kujitengeneza. Siku hizi chanzo ni kikali, kidogo kuliko punje ya mchele. Mashine hukisukuma ndani, kikakaa dakika chache, kikatolewa, na badala ya mwendo ule tunagawa tiba katika awamu na kupumzisha katikati. Aliitikia "ndiyo, ndiyo." Nilidhani amesikia.

Asubuhi hiyo alikuja na kapu. Ndani kulikuwa na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, aliyoyabeba kutoka Urambo, chupa ya asali, kanga mbili za kubadilisha, kitabu cha nyimbo na sandali za kuvaa miguu ikivimba. Alimsindikiza mama hadi kwenye mlango mzito wa chumba, mlango ukafungwa, naye akasimama mbele yake wima, kapu miguuni. Nesi alimletea kiti, akakikataa.

Chai ya saa nne haijapoa, mlango ukafunguliwa na mama akatoka juu ya kitanda cha magurudumu, macho mazito kwa dawa ya usingizi.

"Amesahau nini?" mama mkubwa aliuliza.

"Hajasahau kitu. Awamu ya kwanza imekwisha."

"Imekwisha vipi? Anarudi ndani lini?"

"Wiki ijayo. Leo anapumzika wodini. Unaweza kukaa naye, kumshika, vyovyote. Hana mionzi tena mwilini."

Aliutazama ule mlango. "Na mlangoni nasimama lini?"

Nikaelewa. "Siku hizi hakuna kusimama mlangoni, mama mkubwa."

Alikaa chini, sakafuni, kando ya kapu, akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata alipozikwa baba, hata alipokuwa na ule mraba mbichi. Alilia kwa sauti, watu wakageuka.

"Nilimwomba Mungu isifike zamu yake," alisema. "Ilipofika nikasema basi, angalau nitasimama. Nimekuja kusimama, na mmeondoa mlango."

Tulimwinua, tukaenda naye wodini pamoja na mama. Nilidhani mama hajui linaloendelea. Lakini tulipomlaza, alifumbua jicho moja.

"Dada," alisema, "mlango ule pale. Nenda ukasimame. Mimi nataka kulala."

Mama mkubwa akaenda. Alisimama kwenye mlango wa wodi, kapu miguuni, akaanza kwa Kinyamwezi: nani ameoa, nani ametoroka, mvua imefika wapi, mbuzi yupi amezaa mapacha. Manesi waliopita na vikapu vya dawa walimkwepa, na mmoja alipotaka kumwondoa nilimshika mkono. Habari zilipoisha akaimba, besi pamoja.

Mama mkubwa tulimzika miaka michache iliyopita, kwa uzee tu. Mama yupo. Hana alama yoyote mwilini, na jambo hilo linamsumbua wanawake wanapokuja kwake na majibu yao mikononi, wamepauka kwa woga, wakitaka kuona ulipopita moto. Hupandisha blauzi, wakaona tumbo la bibi kizee lisilo na kitu, wakazidi kuogopa. Basi huwakalisha, huwapa matobolwa, huwaeleza. Wakiinuka kuondoka huwaambia jambo moja, na nimeshamkatia tiketi za treni mara nyingi kwa sababu yake.

"Ukipangiwa siku, niambie," huwaambia. "Nitakuja kusimama mlangoni."